Kaukau za Mboga bila Mafuta Mengi: Mwongozo wa Kikaango cha Hewa kwa Nyumba za Mavivi, Beni na Butembo

Kaukau ni vipande vyembamba vya viazi, ndizi au mboga ambavyo vimekaushwa kwa joto kali hadi vinavunjika kwa mlio vinapotafunwa, na ubora wake wote hutegemea jambo moja, nalo ni kutoka kwa maji. Kiazi mviringo kibichi kina maji yanayokaribia asilimia 80 ya uzito wake, ilhali kaukau yake ikishaiva hubaki na maji machache sana. Kuivusha mboga kutoka hali ya kwanza hadi ya pili ndiyo kazi nzima ya mpishi. Katika majiko mengi ya mashariki ya Kongo kazi hiyo hufanywa na mafuta mengi yaliyopata moto katika karai juu ya mbabula, yaani jiko la makaa: maji hutoka kwa njia ya mvuke na kuacha matundu madogo ndani ya kipande, kisha mafuta huingia katika matundu hayo, hasa kipande kinapotolewa karaini na kuanza kupoa. Ndiyo maana kaukau za viazi zinazouzwa katika mifuko huwa na mafuta yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, yaani zaidi ya mara mbili ya zile zinazotolewa na gramu moja ya wanga, asusa ndogo inayoliwa kati ya mlo na mlo hugeuka kuwa mzigo sawa na mlo wenyewe. Kikaango cha hewa huyatoa maji yale yale bila kuyajaza mafuta mahali pake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukitumia kwa mazao ya Mavivi, kijiji kilichopo kwenye Barabara ya Taifa namba 4 kutoka Beni kwenda Oicha, na kwa mazao ya Beni na Butembo, mahali ambapo umeme, mwinuko wa ardhi na aina ya mazao vinadai uangalifu ambao vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine haviutaji.

Kifaa na umeme wake

Kikaango cha hewa, ambacho kwenye maboksi yake huandikwa airfryer au friteuse sans huile, ni chombo cha umeme chenye koili ya joto kwa juu, feni iliyo karibu na koili hiyo, na kikapu chenye matundu ambamo chakula huwekwa. Feni huisukuma hewa ya moto, inayofikia nyuzijoto 200 za Selsiasi, ipite kwa kasi juu na chini ya kila kipande. Hewa hiyo huondoa tabaka la unyevu linalokizunguka chakula, kama vile upepo unavyokausha nguo kwenye kamba upesi kuliko jua peke yake, na kwa hiyo uso wa kipande hukauka na kupata rangi kabla ndani hakujaungua. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikileta kifaa hiki sokoni mwaka 2010, na leo viwanda vingi, hasa vya China, vinakitengeneza, hivyo mkazi wa Beni anaweza kukiagiza kwa wafanyabiashara wa Butembo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakileta bidhaa za Dubai na Guangzhou kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Anayenunua kwa ajili ya kaukau atazame zaidi upana wa kikapu kuliko kina chake, kwa sababu vipande vyembamba vinapaswa kulala katika tabaka moja, na kikapu chembamba chenye kina kirefu kitamlazimisha ama kupika mara nyingi, ama kurundika vipande ambavyo vitaiva kwa mvuke badala ya kukauka.

Suala la umeme ni zito kuliko la bei. Kikaango cha kawaida cha nyumbani hutumia wati 1,400 hadi 1,700, kwa hiyo mzunguko mmoja wa dakika 20 kwa mashine ya wati 1,500 hula nusu ya kilowati-saa, au pungufu kidogo, kwa kuwa koili hujizima na kujiwasha kila joto lililowekwa linapofikiwa. Umeme wa maji umeanza kufika katika sehemu za eneo hili, ukiwemo ule wa Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, ambako mtambo mdogo unaohusiana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga ulianza kazi mwaka 2013. Hata hivyo nyumba nyingi bado zinategemea jenereta au paneli za jua. Seti ndogo za jua zinazowasha taa na kuchaji simu haziwezi kabisa kukibeba kikaango hiki, na anayetaka kukitumia kwa nguvu ya jua anahitaji kigeuzi cha umeme cha wati zisizopungua 2,000 pamoja na betri zinazolingana nacho. Jenereta ndogo ya kilovolti-ampea 1 nayo itazimika au kuharibika. Pale ambapo umeme hupanda na kushuka ghafla, inafaa kuweka kidhibiti cha volti kati ya ukuta na mashine, kwa kuwa kinachokufa kwanza katika vikaango vya hewa ni saketi ya kielektroniki na si koili, na mashine yenye vitasa viwili vya kuzungusha kwa mkono huvumilia hali hiyo kuliko ile yenye kioo cha kugusa.

Plagi pia hudai neno moja. Mashine zinazopitia Uganda mara nyingi huwa na plagi ya miguu mitatu bapa, ilhali soketi nyingi za Kongo hupokea miguu miwili ya mviringo, na kiunganishi chepesi kinachotumiwa kuchajia simu hakifai hapa, kwa sababu wati 1,500 katika volti 220 ni ampea zinazokaribia 7, mkondo unaoweza kuuyeyusha waya mwembamba na kuwasha moto ndani ya nyumba ya mbao. Fundi wa umeme abadilishe plagi yenyewe, na mashine iunganishwe moja kwa moja na ukuta.

Mwinuko na maji yanayochemka mapema

Uwanja wa ndege wa Mavivi upo katika mwinuko wa takriban mita 1,070 juu ya usawa wa bahari, na Butembo imepanda zaidi, kupita mita 1,700. Kadiri mahali panavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na maji huchemka katika joto la chini: karibu nyuzi 96 hivi Mavivi na karibu 94 Butembo, badala ya 100 za pwani. Matokeo yake ni mawili, nayo yanakwenda pande tofauti. Maji hutoka ndani ya kipande kwa wepesi zaidi, jambo linalosaidia kukausha. Lakini chochote kinachohitaji kuchemshwa kabla ya kuingia kikaangoni huchukua muda mrefu kuliko ule ulioandikwa katika vitabu vya upishi vya Ulaya au vya Dar es Salaam. Kwa hiyo dakika zinazotajwa katika mwongozo huu zichukuliwe kuwa makadirio ya kuanzia, na mpishi amalize kwa macho na sikio: kipande kinachotoa mlio mkavu kikapu kinapotikiswa kimekaribia, na kinachoangukia kikapuni bila sauti bado kina maji.

Visivyoingia kikaangoni vikiwa vibichi

Kosa kubwa linaloweza kufanywa na kifaa hiki katika eneo la Beni halihusu ladha bali usalama, nalo linatokana na kudhani kwamba mboga yoyote inaweza kukatwa nyembamba na kukaushwa. Muhogo una viambata vinavyotoa sianidi, sumu ambayo watu wa eneo hili wameishinda tangu zamani kwa kumenya, kuloweka, kuchachusha, kutwanga na kuchemsha. Aina chungu zina sumu nyingi, na aina tamu zina kidogo. Ulaji wa muda mrefu wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huhusishwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, ambao daktari Trolli aliueleza kitaalamu mwaka 1938 huko Kwango, magharibi ya Kongo. Hewa ya moto kwa dakika 15 haichukui nafasi ya kuloweka wala ya kuchemsha. Kwa sababu hiyo unatumika muhogo mtamu tu, uliomenywa maganda yote mawili, la nje na la ndani, ukachemshwa katika maji mengi hadi ukaiva kabisa, na maji hayo yakamwagwa, ndipo ukatwe vidole na kuingizwa kikaangoni. Sombe, yaani majani ya muhogo, haifai kabisa kwa kaukau, hata kama jani lake linafanana kwa wembamba na majani mengine yanayokauka vizuri, maana ni kule kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu ndiko kunakoifanya iliwe bila madhara.

Magimbi yana tatizo jingine: ndani yake mna fuwele za kalsiamu oksaleti, vijisindano vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huwasha mdomo na koo, na dawa yake ni kuyachemsha kwanza hadi yalainike. Maharagi makavu, hasa mekundu, yana protini iitwayo lektini, ambayo husababisha kutapika na kuharisha ikiwa haikuvunjwa kwa kuchemsha kwa nguvu. Kwa hiyo maharagi yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, yanachemshwa katika maji mapya hadi yakaiva kama ya mboga ya kila siku, na ndipo yakaushwe kikaangoni yawe asusa. Baada ya maandalizi hayo maharagi ni miongoni mwa asusa bora kabisa zinazotoka katika mashine hii, kwa kuwa yana protini na nyuzilishe nyingi, na hugharimu kidogo.

Kukata, kuloweka na kupangusa

Unene wa kipande ndio unaoamua kama kaukau zitaiva kwa pamoja au baadhi zitaungua huku nyingine zikibaki laini. Milimita 2 ndicho kipimo kinachofaa kwa viazi, viazi vitamu, ndizi mbichi na bitiruti. Anayekata kwa kisu asijali sana kama ni milimita 2 au 3, bali ajali kwamba vipande vyote viwe sawa, na anayepika mara kwa mara atafaidika na kikatio cha ubao chenye wembe, mradi atumie kishikio badala ya vidole. Baada ya kukatwa, viazi mviringo na viazi vitamu hulowekwa katika maji baridi kwa nusu saa, na maji yabadilishwe mara moja, ili wanga uliopo usoni na sehemu ya sukari vitoke. Wanga huo ukiachwa, vipande hugandana, na sukari ikibaki nyingi, huungua upesi.

Kinachofuata ndicho wapishi wengi hukipuuza, nacho ndicho kinachotenganisha kaukau na viazi vya mvuke. Vipande vinatandazwa juu ya kitambaa safi cha pamba, vinafunikwa kwa kitambaa cha pili na kukandamizwa hadi viache kulowesha, kisha vinaachwa wazi kwa dakika 10. Kila tone la maji linaloingia kikaangoni likiwa nje ya kipande lazima ligeuzwe mvuke kwanza, na katika muda huo umeme unalika bila kipande kukauka. Mavivi, iliyo karibu na msitu wa ikweta na yenye hewa ya unyevunyevu kwa miezi mingi ya mwaka, inadai upangusaji wa makini zaidi kuliko Butembo.

Mafuta hupimwa kwa kijiko na hayamiminwi kutoka chupani. Kijiko kimoja cha chakula, chenye gramu 14 hivi na kilokalori zinazokaribia 120, kinatosha kwa nusu kilo ya viazi, na kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa gramu 100 za majani; vipande huchanganywa kwa mikono ndani ya bakuli hadi kila kimoja kipate utando mwembamba. Utando huo hupeleka joto usoni mwa kipande na kukizuia kisiwe kikavu kama kadibodi, kwa hiyo anayeacha mafuta kabisa kwa kudhani anajali afya atapata kitu ambacho watoto watakikataa, na atarudi karaini baada ya wiki moja. Chumvi hutiwa mwishoni, kaukau zikiwa bado na joto, kwa sababu ikitiwa mapema huvuta maji kutoka ndani hadi usoni na kuharibu kazi ya kitambaa.

Mazao yenyewe

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa ndivyo vinavyostahili kupewa nafasi ya kwanza, kwa sababu rangi hiyo ni ya beta-karotini, kiambata ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kwa sababu vinasitawi katika bustani za nyumbani. Ugumu wake upo katika sukari. Katika nyuzi 180 hupata weusi kabla ya kukauka, kwa hiyo joto linawekwa kati ya 140 na 150, kwa dakika 18 hadi 25, kikapu kikitikiswa kila baada ya dakika 5, na vipande vilivyotangulia kuiva vitolewe bila kusubiri vingine. Vikitoka bado huonekana vimelegea kidogo, na hukakamaa vinapopoa juu ya wavu au ungo. Vikirundikwa katika sahani ya kina vingali moto, mvuke wake huvilainisha tena.

Ndizi huleta matokeo mawili kulingana na ukomavu. Makemba, yaani ndizi za kupika, yakiwa mabichi bado ni ya wanga; hayo hukatwa nyembamba kwa mshazari na kukaushwa katika nyuzi 165 kwa dakika 12 hadi 15, na hutoa kaukau ngumu zenye kuhifadhika vizuri kuliko zote zilizotajwa hapa. Yaliyoiva yana sukari nyingi na hayatakauka hata mpishi asubiri vipi. Hayo hukatwa nene, sentimita moja, na kupikwa katika nyuzi 180 kwa dakika 10 hivi yawe ya kahawia kwa nje na laini kwa ndani, nayo huliwa papo hapo.

Viazi mviringo, karoti, kabichi na liki hushuka kutoka nyanda za juu za Lubero hadi masoko ya Butembo na Beni, na kila kimoja kina namna yake. Viazi hupikwa katika nyuzi 160 kwa dakika 18 hadi 22. Karoti hukatwa utepe mrefu kwa kimenyeo na kutosheka na nyuzi 150 kwa dakika 10 hadi 12, zikiangaliwa kwa makini kuanzia dakika ya nane. Bitiruti hufuata njia hiyo hiyo kwa muda mrefu kidogo. Liki, zikikatwa nyuzi ndefu nyembamba na kupakwa mafuta kidogo, hukauka kwa dakika 6 au 7 katika nyuzi 150 na kufaa kunyunyizwa juu ya maharagi au wali.

Majani ya sukuma wiki na majani ya nje ya kabichi, ambayo sokoni mara nyingi hubanduliwa na kutupwa, ndiyo kaukau za upesi kuliko zote na ndizo zilizo mboga kwa maana kamili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na katika hesabu hiyo halijumuishi viazi, muhogo na mizizi mingine yenye wanga. Basi anayetaka asusa yake ihesabike kuwa mboga hana budi kugeukia majani, karoti na biringanya. Uti mgumu wa katikati huondolewa, majani hukatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, hupangushwa hadi yakauke kabisa, husuguliwa na kijiko cha chai cha mafuta, na kupikwa katika nyuzi 140 kwa dakika 4 hadi 6. Kwa kuwa ni mepesi, feni huyarusha juu hadi yagusane na koili, ambapo huungua na kujaza jiko moshi; wavu mdogo wa chuma unaowekwa juu yake huzuia jambo hilo. Jani lililoiva hubaki kijani, na likishageuka kahawia limekuwa chungu.

Biringanya lina maji mengi sana na halitoi kaukau nzuri likipikwa peke yake. Vipande vyake vya nusu sentimita hunyunyiziwa chumvi kidogo na kuachwa kwa dakika 20, husuuzwa, hukamuliwa taratibu ndani ya kitambaa, kisha huchovywa katika yai lililopigwa na kuviringishwa katika unga wa mahindi uliochanganywa na pilipili na tangawizi kavu. Uji wa unga unaotumiwa kwa bagia haufai katika kikaango cha hewa, kwa kuwa hudondoka kupitia matundu ya kikapu kabla haujashika. Ganda linalofaa ni lile kavu. Nyuzi 190 kwa dakika 12, vipande vikigeuzwa mara moja, zinatosha.

Maharagi yaliyokwisha kuchemshwa na kupangushwa huchanganywa na kijiko cha chai cha mafuta kwa kila vikombe viwili, na kupikwa katika nyuzi 190 kwa dakika 12 hadi 15 hadi ganda lipasuke. Vidole vya muhogo vilivyochemshwa huhitaji nyuzi 200 na dakika 15, na huwa bora zaidi vikiachwa vipoe kabisa kabla ya kuingia kikaangoni, kwa maana wanga uliopoa hujikaza na kutengeneza ganda gumu.

Kiasi gani cha afya

Kikaango cha hewa hupunguza mafuta, na hilo ni jambo la maana katika nyumba yenye mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au uzito uliozidi. Hakipunguzi chumvi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo, na asusa iliyonyunyiziwa vidonge vya kiungo vya dukani, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi, inaweza kumaliza sehemu nzuri ya kiasi hicho kwa bakuli moja. Pilipili kavu iliyosagwa, tangawizi, kitunguu saumu kilichokaushwa na matone ya ndimu yanayotiwa wakati wa kula hutoa ladha bila kuleta deni hilo.

Jambo la pili ni akrilamidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba hujitengeneza ndani ya vyakula vya wanga vinapopikwa bila maji katika joto linalozidi nyuzi 120, pale sukari inapokutana na asidi ya amino iitwayo asparajini. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka mwaka 1994 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Hewa ya moto huitengeneza kama mafuta yanavyoitengeneza, kwa hiyo kinga haipo katika mashine bali katika mikono ya mpishi: kuloweka vipande ili sukari ipungue, kutoweka viazi vibichi katika friji, ambako wanga wake hugeuka sukari, kuchagua joto la wastani, na kusimamisha upishi kaukau zikiwa na rangi ya dhahabu. Vilivyoungua vitolewe na visiliwe.

Mawese, yatokayo kwenye michikichi ya eneo lenyewe la Beni, yanastahili kutetewa kwa kipimo. Yakiwa bado mekundu yana karotini nyingi, na kwa kuwa beta-karotini ya mboga haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta, kijiko kimoja cha mawese juu ya karoti au sukuma wiki kina faida mbili kwa wakati mmoja. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu ya damu, na kuyachemsha hadi yawe meupe, kama ilivyo desturi katika majiko mengi, huiua karotini na kuyabakizia upande wake wenye madhara. Katika baridi ya Butembo mawese huganda, basi yayeyushwe kwanza juu ya maji ya moto ili yasambae sawasawa.

Pasipo umeme

Nyumba isiyo na umeme wa kutosha haijatengwa na asusa hizi. Sufuria nzito yenye mfuniko bapa huwekwa juu ya mbabula yenye makaa machache, ndani yake huwekwa mawe madogo safi au mchanga mkavu na juu yake wavu au sahani ya bati, na makaa mengi zaidi hupangwa juu ya mfuniko, kwa utaratibu ule ule unaotumika kuoka keki. Joto la juu likizidi la chini, vipande vilivyotandazwa safu moja hukauka kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa kikaango cha hewa. Kwa kuwa hapa hakuna feni ya kuondoa mvuke, mfuniko lazima ufunuliwe kila baada ya dakika 5, na kazi ifanyike nje au katika jiko lenye madirisha, maana moshi na gesi ya makaa huua katika chumba kilichofungwa. Majani na maharagi hufanikiwa zaidi kwa njia hii. Viazi vyembamba hudai subira.

Kupima mahitaji na kuhifadhi

Tangu mauaji ya raia yaanze katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, wakulima wengi wa pande za Mbau, Oicha na Mavivi wameyaacha mashamba yao au huyafikia kwa hatari, na kila kikapu kinachofika sokoni kimelipiwa kwa hofu ya mtu. Mwongozo wowote wa upishi katika eneo hili usiojali upotevu hauna heshima kwa mkulima huyo. Maganda ya viazi mviringo yaliyosuguliwa vizuri, yasiyo na rangi ya kijani wala machipukizi, hukaushwa kama kaukau katika nyuzi 170 kwa dakika 10; ganda la kijani lina solanini, ambayo ni sumu, nalo litupwe. Uti wa sukuma wiki ukatwe mdogo na kupikwa katika mchuzi, na maji yaliyolowekewa viazi yaachwe yatulie ili wanga wake mweupe ukusanywe chini na kutumiwa kuongezea uzito katika supu.

Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe kaukau ngumu za ndizi wala maharagi makavu, kwa hatari ya kukabwa. Kwao yapo majani yanayoyeyuka mdomoni na viazi vitamu vilivyokatwa nene na kuachwa laini kwa ndani.

Kaukau zilizopoa kabisa huwekwa katika kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, kwa mfano lile lililobaki baada ya maziwa ya unga, na katika hewa ya unyevu ya Mavivi zile za majani zisitarajiwe kupita siku mbili, ilhali za makemba hufika wiki moja. Zilizopoteza mlio zirudishwe kikaangoni katika nyuzi 150 kwa dakika 2 au 3, na zilizoanza kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha zitupwe.